Makala, briketi au pelete: moto upi kwa kazi ipi hapa Goma

Kila jioni, kwenye barabara inayotoka Sake, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zinateremka na mifuko ya makala iliyopandana hadi huoni kichwa cha anayeziongoza. Saa hiyohiyo, nyuma ya atelie za maseremala wa Katindo na Ndosho, unga wa mbao unarundikana. Wengine wanauwasha moto ili upungue, wengine wanauacha juu ya mawe ya volkano mpaka mvua iuozeshe. Ukiona mambo hayo mawili siku moja, huwezi kukosa kujiuliza kwa nini tunafuata moto mbali hivyo na huku tunautupa nyuma ya nyumba.

Mwaka huu swali hilo nimeulizwa na mama mmoja mwenye bulanjeri (nyumba ya kuoka mikate), na kijana anayefuga kuku wa nyama, na mwalimu aliyekuwa ameweka pesa kando ili anunue mashine ya pelete. Kila mmoja alipata jibu lake, na majibu hayakufanana. Naandika kwa urefu kile nilichowaambia kwa mkato, kwa sababu naona wengi wanaanza na taka waliyo nayo, kisha wanauliza itageuzwa kuwa nini. Mimi nasema anza na kazi ya moto, ufuate jiko au tanuru litakalowasha moto huo. Taka ije mwisho.

Majina kwanza

Makala tunayajua. Neno linalochanganya watu ni briketi, maana hapa mjini linabeba vitu viwili tofauti kabisa.

Kuna briketi ya vumbi la makala. Hiyo inatengenezwa kwa vumbi linalobaki chini ya mifuko kwenye depo na sokoni, likichanganywa na udongo au uji wa muhogo, likakandamizwa na kuanikwa. Ni makala yaliyorudishwa umbo. Inawaka ndani ya mbabula ya kawaida, yaani jiko la makala, moshi ni mdogo, na inadumu muda mrefu kuliko makala yenyewe.

Kuna briketi ya unga wa mbao, ambayo haijapitia tanuru la makala. Kwa mashine yenye nguvu inatoka kama gogo dogo lenye tundu katikati. Kwa mashine ya mkono, unga unaloweshwa na kuchanganywa na karatasi au majani yaliyooza, unatoka kama keki. Hifadhi ya Virunga iliwahi kusambaza mashine za mkono za aina hiyo kwa familia za pembeni mwa hifadhi, kwa hiyo wazee wengi wa Kibumba na Rutshuru wanazijua. Briketi hii ni kuni. Ina moshi kama kuni na inataka nafasi kama kuni.

Pelete, ambazo wenye Kifaransa wanaziita granule, ni vijiti vidogo vyenye unene wa milimita 6 au 8 na urefu wa sentimita chache. Unga mkavu wa mbao au wa mabaki ya mavuno unasukumwa kwa nguvu kupitia matundu ya sahani nene ya chuma, ile mafundi wanayoiita filieri. Msuguano unaleta joto la karibu nyuzi 100. Kwa joto hilo lignini, ambayo ni gundi asilia ya mti, inalainika, na kijiti kikipoa inaganda tena. Pelete nzuri ya mbao haihitaji gundi yoyote ya kuongezwa. Unga mtupu una uzito wa kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya ujazo. Ukishakuwa pelete unafika kilo 600 hadi 650. Maana yake gari moja linabeba moto mara tatu ya ule ambao lingebeba likijazwa unga.

Kilo kwa kilo

Hapa ndipo watu wanapodanganyika, kwa pande zote mbili. Muuza makala atakuambia kilo yake ina nguvu karibu mara mbili ya pelete, na ni kweli: makala mazuri yana megajuli (kipimo cha nguvu ya moto) 28 hadi 30 kwa kilo, pelete 17 hivi. Lakini hicho ndicho kilichomo ndani ya kilo. Kinachofika kwenye sufuria ni hesabu nyingine. Mbabula ya bati inafikisha karibu robo ya joto lake kwenye sufuria, mara nyingi chini ya hapo. Jiko la pelete lenye feni, likitumiwa vizuri, linafikisha asilimia 40 au zaidi. Ukizidisha, makala ndani ya mbabula yanaleta kama megajuli 6 hadi 7 kwa kilo, na pelete ndani ya jiko lake zinaleta kama 7. Kilo kwa kilo ni sawasawa.

Kwa hiyo mtu akitaka kulinganisha bei, apime kilo ya makala na kilo ya pelete, asilinganishe mfuko na mfuko. Mfuko wa makala hauna kipimo. Unajazwa kwa macho, unaongezewa kilemba cha majani juu, na ndani vumbi linaweza kuwa sehemu kubwa ya mzigo. Mizani ya kuning'iniza yenye ndoano ni kifaa cha bei ndogo, na ndiyo kitu cha kwanza ningemwambia mtu anunue kabla ya jiko lolote.

Hesabu ya tatu ndiyo inayoniuma mimi. Kwenye tanuru la udongo porini, kilo 1 ya makala inakula kilo 6 hadi 8 za kuni, wakati mwingine zaidi. Zaidi ya nusu ya nguvu ya mti inapotea angani kabla mfuko haujafungwa. Kilo 1 ya pelete inatoka kwenye kilo 1 na kidogo ya taka kavu, na taka hiyo ilikuwa itupwe. Hifadhi ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, na sisi tulio hai leo tunajua makala mengi ya Goma yametoka ndani ya hifadhi hiyo, na ni nani wenye bunduki waliokula kodi ya kila mfuko.

Lakini sitaki kuwa mkali kupita kiasi kwa makala, kwa sababu yana sifa ambazo pelete hazina. Yakinyeshewa, unayaanika na yanawaka tena. Hayataki umeme wala vipuri. Mama anaweza kununua kopo moja la kutosha maharagi ya leo. Tena makala ya miti ya kupandwa si sawa na makala ya hifadhi: mradi wa EcoMakala, ulioanza mwaka 2007, umesaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda mikaratusi na miti mingine kwa ajili ya hiyo kazi. Ukiweza kupata makala ya shamba unalolijua, ni chaguo la heshima.

Kwa mtu anayetaka kuona vyote mbele yake:

| | Makala | Briketi ya vumbi la makala | Briketi ya unga wa mbao | Pelete |
|---|---|---|---|---|
| Nguvu kwa kilo (megajuli) | 28–30 | 18–24, kulingana na udongo | 15–17 | karibu 17 |
| Inawaka wapi | mbabula yoyote | mbabula yoyote | tanuru, jiko la kuni | jiko au kichomeo chake tu |
| Moshi | mdogo | mdogo | kama kuni | mdogo sana, jiko likiwa zima |
| Ikinyeshewa | inakauka tena | inavunjika | inavunjika | inarudi unga |
| Inataka umeme | hapana | hapana | kutengeneza tu, ikiwa kwa mashine | kutengeneza, na mara nyingi kuchoma |

Jiko ndilo linaloamua

Weka pelete ndani ya mbabula uone. Nyingine zitadondoka kwenye matundu, zilizobaki zitajibana zikose hewa, na nyumba nzima itajaa moshi mweupe unaokata macho. Watu wamefanya jaribio hilo mara moja, wakasema pelete ni mbaya, wakarudi sokoni.

Jiko la pelete linafanya kazi kwa namna yake. Unajaza kopo lake, unawasha juu, na moto unashuka polepole. Joto linatoa gesi kwenye pelete, na feni ndogo inasukuma hewa inayoichoma gesi hiyo juu, chini kidogo ya sufuria. Ndiyo maana moshi hauonekani: umeungua. Feni inaendeshwa na betri ndogo inayochajiwa kwa umeme au kwa paneli ya jua. Betri ikifa, unabaki na kopo la moshi.

Majirani zetu wameshaipitia njia hii. Gisenyi, upande wa Rwanda, hatua chache tu kutoka kituo cha mpaka cha Petite Barrière, kampuni ya Inyenyeri iliuza pelete kwa miaka kadhaa hadi ilipofunga mwaka 2020. Nilichojifunza kwao ni jinsi walivyopanga: familia ilikabidhiwa jiko kwa mkataba wa kununua pelete kila mwezi, kwa sababu walijua pelete bila jiko hazina kazi, na jiko bila pelete ni bati. Upande wa kusini, Zambia, majiko na pelete za SupaMoto zinauzwa mijini, na pelete zinatengenezwa kwa unga wa misonobari ya mashamba ya Copperbelt. Ndugu zetu wa Lubumbashi wako karibu sana na hilo kuliko sisi, na wana bahati nyingine: kiangazi chao ni kirefu, tangu Mei mpaka Septemba, na unga unaanikwa nje ukakauka bila kugharimu kitu. Sisi wa Kivu tuna mvua miezi mingi ya mwaka. Nitarudi kwenye mvua, maana ndiyo inayovunja biashara.

Kwa mfugaji wa vifaranga

Kijana wa kuku aliniuliza kama pelete zinaweza kupasha joto chumba cha vifaranga 300. Kifaranga cha siku moja kinataka nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Usiku wa Goma unashuka nyuzi 14 au 15. Kwa hiyo kuna pengo la nyuzi 20 la kujaza, usiku kucha, bila kukatika.

Mimi mwenyewe niliwahi kulijaza kwa mbabula ya makala katikati ya chumba, madirisha nimeyaziba kwa bashi (turubai). Usiku wa pili niliamka nikakuta vifaranga vimelala upande, midomo wazi, na mimi kichwa kinapasuka. Nilipoteza zaidi ya nusu. Baridi haikuwa sababu. Ilikuwa hewa ya makala, karboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi.

Watu wa Goma wanaijua mazuku, ile gesi ya volkano inayojaa mabondeni na kuua mbuzi na hata watoto. Kwa sababu ya mazuku wengi wanaamini hewa mbaya daima inakaa chini, kwa hiyo anayelala kitandani juu yuko salama. Kwa mazuku hiyo ni kweli, maana hiyo ni dioksidi ya kaboni, nzito kuliko hewa. Hewa ya mbabula si hivyo. Uzito wake unakaribia wa hewa tunayovuta, inachanganyika chumba kizima, na kitanda cha juu hakimwokoi mtu. Tafadhali, atakayesoma hapa na kuacha, akumbuke hili moja: hakuna mbabula ndani ya chumba kilichofungwa, iwe ya makala, ya briketi ama ya pelete.

Nikamwambia kijana hivi. Pelete hazifai vifaranga 300. Jiko dogo la pelete linawaka saa moja na kidogo kwa kopo moja, na huwezi kuamka mara 8 kila usiku kwa wiki 3. Yapo majiko ya kupashia chumba yenye tangi na skrubu inayolisha pelete yenyewe, kama yale ya Ulaya, lakini yanataka umeme usiokatika. Umeme wa hapa umeboreka sana tangu mitambo ya maji ya Virunga kama Matebe na umeme wa jua wa kampuni ya Nuru vilipoingia, ila siwezi kuweka maisha ya vifaranga juu ya ahadi ya umeme wa usiku mzima.

Chaguo langu kwake lilikuwa briketi ya vumbi la makala, ile pana yenye matundu, ndani ya pipa la chuma lililofungwa, lenye bomba la moshi linalopita ukutani mpaka nje juu ya paa. Briketi yenye udongo inawaka polepole na kwa usawa, saa kadhaa bila kuguswa, na pipa linatoa joto lake kwa mwili wake wa chuma. Majivu ni mengi, kwa sababu ya udongo, lakini hilo ni jambo la asubuhi. Akifika vifaranga 2,000 na kuwa na jenereta ya akiba, tutazungumza upya habari ya pelete.

Kwa mwenye bulanjeri

Mama wa mikate alikuwa amesikia kwamba pelete ni za kisasa. Nilimuuliza kitu kimoja: tanuru lako ni la matofali au la mazutu, yaani dizeli?

Tanuru la matofali linafanya kazi kwa kukusanya joto. Unawasha kuni za mkaratusi ndani yake saa kadhaa, matofali yanashiba, unasukuma majivu pembeni, kisha mikate inaiva kwa joto lililomo ukutani. Tanuru la namna hiyo haliombi pelete. Ukizimwaga sakafuni zitajilundika na kuvuta moshi, na kuweka kichomeo chenye skrubu na feni ni kulibomoa nusu. Lakini magogo ya briketi ya unga wa mbao yanaingia mlangoni kama kuni, bila kubadilisha hata tofali. Faida yake juu ya mkaratusi ni ukavu. Kuni za sokoni, hasa wakati wa mvua, zinaweza kuwa na maji theluthi moja au zaidi ya uzito wake, na moto wa kwanza wote unaishia kuchemsha maji hayo. Briketi iliyokandamizwa kwa mashine ina maji chini ya asilimia 10 hadi 12. Mwokaji anajua kila siku tanuru litashiba saa ngapi, na kwa mtu anayetakiwa kuwa na mkate saa 11 alfajiri, kujua saa ni nusu ya biashara.

Ikiwa tanuru ni la chuma, lile la kuzungusha mikate, linalochoma mazutu, jibu linageuka. Hapo pelete ndizo zenye nafasi, kwa sababu kichomeo cha mazutu kinaweza kung'olewa na mahali pake kikawekwa kichomeo cha pelete chenye tangi lake. Kipimo cha kushika kichwani: kilo 2 za pelete, na kidogo, zinachukua nafasi ya lita 1 ya mazutu. Kwa hiyo chukua bei ya lita leo, gawanya kwa 2. Kama kilo ya pelete, ikishafika mlangoni kwako, iko chini sana ya hapo, inafaa kufikiri. Kama iko karibu na hapo, acha. Majivu, matengenezo na gharama ya kichomeo vitakula tofauti yote. Hesabu hiyohiyo inafaa hoteli yenye chombo cha kuchemshia maji, na viwanda vya kukausha chai.

Lake lilikuwa la matofali. Pelete alizisahau siku hiyohiyo.

Kwa anayetaka kununua mashine

Kwa mwalimu nilikaa naye mchana mzima, kwa sababu alikuwa karibu kutoa akiba ya miaka yake.

Mashine ndogo za filieri bapa zinazouzwa kwa bei ya kuvutia nyingi zimetengenezwa kwa chakula cha mifugo. Pumba na mahindi ni laini na yana mafuta yake, yanapita kwenye filieri nyembamba bila shida. Mbao inataka matundu marefu zaidi kulingana na upana wake, mota yenye nguvu, na beringi zinazovumilia. Ukitia unga wa mbao kwenye mashine ya chakula cha kuku, ama utapata vijiti vinavyomeguka mkononi, ama itaziba na kuungua. Muuzaji akikuambia inatoa kilo 200 kwa saa, muulize ni za nini. Za chakula cha kuku si za mbao. Omba uone inakamua unga wa mbao mbele yako kwa saa nzima, siyo dakika 5.

Halafu mashine yenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Kuna kusaga, maana unga wa msumeno una vipande na maranda yanayohitaji kinu cha nyundo. Kuna sumaku ya kunasa misumari. Kuna kupoza pelete zikitoka, maana zikiingizwa mfukoni zikiwa moto zinatokwa jasho na kubomoka. Kusaga na kukandamiza tu, bila kukausha, kunakula takriban kWh 80 hadi 150 kwa tani, na mota za kazi hiyo kwa kawaida zinataka umeme wa fezi tatu.

Na kuna kukausha, ambako ndiko pesa zinakokufa. Unga unatakiwa uingie kwenye filieri ukiwa na maji asilimia 10 hadi 15. Unga wa gogo bichi una nusu nzima ya uzito wake maji. Fanya hesabu: ili upate tani 1 ya pelete zenye maji asilimia 10, unachukua tani 1.8 za unga huo, na lazima uondoe kilo 800 za maji. Ni mapipa 4 ya lita 200, ambayo ama jua litayachukua au utayalipia. Juni mpaka Agosti jua litakusaidia. Novemba hapana. Kwa sababu hiyo nilimwambia asihangaike na unga wa wapasua magogo, afuate maranda na unga wa atelie za samani, ambako mbao zimeshakauka kabla ya kukatwa.

Anika juu ya bashi, kamwe si juu ya ardhi. Changarawe ya lava ni kali kama kioo. Ikiingia kwenye unga, filieri ambayo ingedumu miezi inalika kwa wiki.

Taka zenyewe pia haziko sawa. Unga wa mbao ndio bora: majivu yake mara nyingi ni chini ya asilimia 1, na pelete za daraja la juu kabisa Ulaya haziruhusiwi kuzidi 0.7. Lakini ukatae unga wa mbao zilizopakwa dawa au rangi, na wa mbao za kubandikwa kwa gundi, hasa kama moto utaivisha mkate. Ganda gumu la kahawa, lile linalotoka kahawa ikikobolewa baada ya kuoshwa na kukaushwa, ni zuri pia. Ni kavu tayari, majivu ni machache, na kahawa ya Minova, Kalehe na Idjwi inaliacha rundo kwenye vinu. Magunzi ya mahindi yanafaa yakisagwa vizuri.

Mabua ya mahindi na maganda ya maharagi yana potasiamu nyingi, na majivu yake yanayeyuka kwenye moto mkali yakawa vibonge kama kioo vinavyoziba kichomeo. Maganda ya mpunga wa bonde la Ruzizi yana majivu asilimia 15 hadi 20, karibu yote silika, madini ya mchanga, na silika inakula chuma. Kwa pelete ndogondogo za jikoni ningeyaacha.

Tena mabua na maganda ya maharagi yana kazi tayari. Mbuzi anayala, na kinachobaki kinarudi shambani. Udongo wa Masisi kwenye miteremko unahitaji kila jani unaloweza kupata. Mkulima akikuuzia mabua yote kwa sababu ana njaa leo, mwaka ujao atakuwa na njaa zaidi, na sitaki moto wetu wa mjini ujengwe juu ya hilo. Unga wa mbao na ganda la kahawa haviliwi na mnyama yeyote. Tuanze na hivyo.

Mwishowe mwalimu alinunua mashine ya briketi za vumbi la makala. Vumbi liko sokoni, wanunuzi wana mbabula tayari, udongo uko bure, na mashine inaendeshwa kwa mkono ikiwa umeme umeenda. Pelete anaziweka akilini mpaka apate wateja wawili wakubwa, mwenye tanuru la mazutu na mwenye hoteli, watakaoandika kwa mkono wao kwamba watachukua tani ngapi kwa mwezi.

Kwa nyumba ya kawaida

Hapa sitakaa. Kama unapika bugali na maharagi ya watu 7, na huna mtu wa kukuuzia pelete kila wiki bila kukosa, baki na mbabula iliyoboreshwa, ile yenye udongo wa kuchomwa ndani. Peke yake inaweza kupunguza makala yako kwa theluthi. Changanya na briketi za vumbi kwa vyakula vya muda mrefu: makala ya kuanzia, briketi ya kumalizia maharagi. Mwenye umeme wa uhakika na sufuria ya umeme ya presha ataona maharagi yanamgharimu kidogo kuliko moto wowote nilioutaja.

Ukipewa pelete mkononi

Angalia ngozi yake. Iliyokandamizwa vizuri inang'aa, ni laini, na ukiivunja inakatika kwa sauti. Tikisa mfuko, uangalie chini: vumbi jingi ni dalili ya unyevu au filieri iliyochoka. Kisha chukua glasi ya maji, utumbukize vijiti vitano. Pelete nzuri inazama, kwa sababu ni nzito kuliko maji, na baada ya dakika chache inavimba na kuwa unga. Inayoelea haikukandamizwa vya kutosha. Inayozama ikabaki ngumu mpaka jioni ina kitu ndani kisicho mti, na hicho usikichome ndani ya nyumba yako.

Mifuko usiiweke sakafuni. Hewa ya ziwa peke yake inatosha kuilegeza, sembuse paa linalovuja. Iinue juu ya mbao na uifunge kwa plastiki.

Mama wa bulanjeri nilimwachia kazi ya wiki mbili. Wiki ya kwanza apime kwa mizani kila kuni inayoingia kwenye tanuru na aandike imeoka mikate mingapi. Wiki ya pili nusu ya kuni iwe briketi za unga wa mbao, apime vilevile, kwenye daftari lilelile. Alianza Jumatatu iliyopita. Leo asubuhi nilipopita kununua mkate, daftari lilikuwa limening'inia kwenye msumari kando ya mlango wa tanuru, penseli imefungwa kwa uzi, na siku sita za kwanza zilikuwa zimejazwa.